Senti 40 au mazao: kisa cha ukumbi wa Barter, Abingdon, 1933

Jumamosi ya Juni 10, 1933, katika mji mdogo wa Abingdon, kusini-magharibi mwa jimbo la Virginia, Marekani, ukumbi wa mji ulifungua milango kwa mchezo wa kuigiza ambao kiingilio chake kilikuwa senti 40 taslimu, au mazao yenye thamani hiyo. Viti vilijaa. Katika kila watazamaji watano wa miaka ile ya dhiki ya uchumi, wanne hawakutoa sarafu. Walikuja na mboga, maziwa, siagi, mayai, au mnyama mzima mzima. Msimu wa kwanza ulipokwisha, hesabu ya kikundi ilisomeka hivi: dola 4 na senti 35 taslimu, mapipa mawili ya jeli ya matunda, na uzito wa miili ya waigizaji ulioongezeka kwa zaidi ya ratili 300 kwa jumla.

Kisa hiki husimuliwa kila mahali kwa sababu kinachekesha na kinatia moyo. Ni haki yake. Lakini anayekisimulia kwa kicheko tu huruka sehemu yenye faida kuliko zote, nayo ni namna kitu hiki kilivyofanya kazi kwenye dirisha la tiketi, usiku kwa usiku, na masharti yaliyokiwezesha. Tutakichambua kwa upande huo, kisha tuangalie mtazamaji anayekwenda Abingdon leo anakuta nini, kwa kuwa ukumbi ule ungali wazi na mchezo ungali unachezwa.

Pande mbili na kinachopungua kila upande

Robert Porterfield alikuwa mtoto wa huko huko kusini-magharibi mwa Virginia aliyekwenda New York kutafuta maisha ya jukwaani. Alikuwa katika ziara ya kikundi cha mwigizaji Walter Hampden alipoanza kupigia hesabu jambo alilolijua kwa pande zote mbili: mjini waigizaji wana kazi ya kuuza na hawana chakula, nyumbani kwao wakulima wana chakula na hawana mnunuzi. Machi 6, 1933, Rais Franklin Roosevelt, akiwa na siku mbili tu madarakani, alizifunga kwa muda benki zote za nchi. Karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na ajira. Filamu zenye sauti zilikuwa zimekwisha kuwavuta watazamaji wengi waliokuwa wakienda kuangalia waigizaji wa jukwaani. Porterfield akawakusanya wenzake 22, akaenda nao kwao.

Abingdon ni makao makuu ya kaunti ya Washington, eneo la milima, malisho, mahindi, na tumbaku aina ya burley. Tumbaku hii ndiyo ufunguo ambao wasimulizi wengi hawaugusi. Hukaushwa kwa hewa bandani na kuuzwa mnadani majira ya baridi. Fedha ya mkulima basi huingia karibu na mwisho wa mwaka, ikalipa deni la duka, ikalipa mbolea na kodi, na kufikia Juni imekwisha. Na Juni huohuo kuku wanataga, ng'ombe wana maziwa mengi kwa sababu ya majani mabichi, bustani imeanza kutoa. Aliyekulia kwenye karafuu, korosho au kahawa anaijua hali hii bila kufundishwa: chakula kipo, mfukoni hamna kitu, na bado msimu uko mbali. Porterfield alifungua ukumbi wake katika mwezi uleule ambapo tofauti kati ya ghala na mfuko ilikuwa kubwa.

Tangazo lake lilikuwa wazi: kwa mboga usizoweza kuziuza, waweza kununua kicheko kizuri. Maneno "usizoweza kuziuza" yanastahili kusomwa mara mbili. Hakumwomba mkulima fedha wala hakumwomba atoe chakula cha watoto. Alimwomba ziada, ile ambayo ingeoza au ingeishia kwa nguruwe.

Hesabu ya dirishani

Mwaka 1933 mkulima wa Marekani alipata, kwa wastani, takriban senti 14 kwa dazeni ya mayai. Dukani dazeni hiyohiyo iliuzwa karibu senti 29. Kwa bei ya shambani, senti 40 ni karibu dazeni tatu. Kwa bei ya dukani ni chini kidogo ya dazeni moja na nusu. Sasa tuseme dirisha linapokea dazeni mbili kwa tiketi moja. Mkulima ametoa kitu ambacho mchuuzi angemlipa senti 28, naye amepata kiti cha senti 40. Mwigizaji amepata chakula ambacho dukani kingemgharimu senti 58, kwa kiti ambacho vinginevyo kingebaki kitupu. Wote wawili wametoka na faida, wala hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Faida yote imetoka kwenye pengo lililo kati ya shamba na duka, ambalo kwa kawaida huliwa na mchuuzi, usafiri na mwenye duka.

Kwa maziwa pengo lilikuwa pana zaidi. Bei ya jumla kwa mfugaji ilikuwa takriban dola 1.30 kwa ratili 100, yaani chini ya senti 3 kwa kiasi kinachokaribia lita moja. Mnunuzi wa mjini alilipa karibu senti 10 kwa kiasi hichohicho. Ndiyo maana ndoo moja ya maziwa, ambayo kwa mfugaji ilikuwa kitu kidogo, jikoni kwa waigizaji ilikuwa mali. Husimuliwa habari ya mtu aliyefika na ng'ombe wake, akamkamua palepale nje hadi kiasi cha tiketi yake kikatimia. Alipoulizwa kuhusu mkewe akajibu kwamba naye atakamua ya kwake.

Mnyama hai analeta shida ya namna nyingine. Nguruwe alikuwa kama dola 3.50 kwa ratili 100 za uzito wa uhai, kwa hiyo senti 40 ni ratili 11 na kitu, na huwezi kumkata nguruwe ratili 11 dirishani ukamrudishia mwenyewe aliyebaki. Mnyama wa ratili 60 ana thamani ya takriban dola 2.10, sawa na tiketi tano. Mnyama basi ni tiketi ya familia nzima, au ni deni: unampokea leo, unamwandikia mwenyewe karatasi ya viti vya wiki zijazo. Karatasi hiyo, kama ikitolewa, lazima iwe na tarehe ya mwisho na idadi ya viti, la sivyo mwisho wa msimu ukumbi utajaa watu waliolipa zamani huku chakula chao kimekwisha kuliwa.

Hapa kuna mambo ambayo mtu yeyote anayeendesha dirisha la namna hii atakutana nayo usiku wa kwanza, na tungependa anayefikiria kuiga Abingdon ayajue kabla.

La kwanza ni muda. Kuuza tiketi kwa fedha ni kazi ya nusu dakika. Kupima kikapu cha viazi, kutoa uzito wa kikapu chenyewe, kukubaliana thamani na kutoa tiketi ni dakika mbili hata kwa mtu mwepesi. Wakija watazamaji 150, na wanne kati ya watano wana mazao, hao ni watu 120, dakika 240, saa nne mbele ya mizani moja. Pazia haliwezi kungoja saa nne. Ama uwe na mizani nne kwa saa moja, ama ubandike nje orodha ya vipimo: dazeni mbili za mayai ni mtu mmoja, kiasi hiki cha maharage mabichi ni mtu mmoja, kuku mmoja wa uzito huu ni watu wawili. Orodha huua mabishano, na mkulima hupima nyumbani kabla hajaondoka.

La pili ni ubora. Mayai hukaguliwa kwa bakuli la maji: yai bichi huzama na kulala ubavu, linaloanza kuzeeka husimama, lililoharibika huelea. Kazi hiyo haimalizi sekunde 20 na inaokoa jiko zima. Siagi inanuswa. Mboga za majani zinakubaliwa kwa kiasi kidogo tu kwa sababu kesho zimenyauka.

La tatu ni mchanganyiko, nalo ndilo gumu kuliko yote. Wale watu 120 wakileta dazeni mbili za mayai kila mmoja, umepokea mayai 2,880 usiku mmoja kwa ajili ya watu 23, yaani mayai 125 kwa kila mdomo. Bei moja isiyobadilika huleta zao moja. Dirisha lenye akili hushusha thamani ya kilichojaa na kupandisha ya kilichopungua: wiki hii mayai dazeni tatu, viazi nusu ya kiasi cha jana. Kwa maneno mengine ukumbi unageuka soko dogo, na mwenye dirisha anahitaji kujua jikoni kuna nini kabla hajakaa kitini.

Paja la nguruwe, sarafu ya kikundi

Virginia ina sifa ya mapaja ya nguruwe yaliyotiwa chumvi na kukaushwa. Nguruwe huchinjwa baridi inapoanza, nyama inafukiwa kwenye chumvi kwa majuma, kisha inatundikwa, mara nyingi kwenye moshi, na kuachwa ikomae. Kufikia kiangazi kinachofuata paja liko tayari, linakaa miezi bila barafu, halivunjiki, halimwagiki, na thamani yake kwa uzito ni kubwa mara nyingi kuliko viazi au kabichi.

Ukiorodhesha sifa hizo bila kutaja nyama, umeieleza sarafu. Inadumu, inabebeka, kila mtu anaitambua, na inatumwa kwa posta. Kikundi kiliitumia hivyohivyo. Mwandishi wa tamthilia anadai mrabaha kila mchezo wake unapochezwa, na mrabaha kwa kawaida ni fedha. Kikundi kiliwatumia waandishi paja la nguruwe, na baadhi ya majina makubwa ya jukwaani, Noël Coward, Thornton Wilder na Tennessee Williams, walikubali. George Bernard Shaw hakuwa mla nyama, basi yeye alipelekewa spinachi. Kwa Kiingereza paja hilo huitwa ham, na msemo wa "ham kwa Hamlet", yaani paja kwa tamthilia ya Shakespeare, ukaenea nchi nzima, ukakipa kikundi matangazo ambayo kisingeweza kuyanunua kwa mapato ya miaka kumi.

Jina la ukumbi lilifanya kazi hiyohiyo. Barter ni neno la Kiingereza la kubadilishana mali kwa mali. Mtu akisikia jina tu ameshajua masharti ya kuingia.

Palipovuja

Zile dola 4 na senti 35 hufurahisha watu, nasi tunadhani zinapaswa kuwashtua kidogo. Ni chini ya tiketi 11. Kikundi cha watu 23 kilicheza msimu mzima na kubaki na thamani ya viti 11. Kuna vitu ambavyo mayai hayalipi: nauli ya treni, rangi ya mandhari, balbu, kitambaa, karatasi za matangazo, dawa. Fedha taslimu ya ile sehemu moja kati ya tano ndiyo iliyobeba mzigo huo wote, na ilibeba ikafika ukingoni. Mvua mbili mbaya usiku wa Jumamosi zingetosha kuifanya hesabu iwe ya hasara.

Upande wa pili wa hesabu uko kwenye miili. Ratili 300 ni takriban kilo 136. Wagawie watu 23, ni karibu kilo 6 kwa kila mmoja katika msimu mmoja. Kwa waigizaji waliotoka New York wakiwa wamekonda kwa kukosa kazi, hiyo ndiyo mishahara. Gharama kubwa ya kwanza ya mtu asiye na ajira ni chakula, ya pili ni mahali pa kulala, na hiyo ya pili nayo ilipungua kwa sababu mji ulikuwa na majengo ya vyuo yaliyofungwa yenye mabweni matupu. Ondoa mojawapo, chakula au malazi, na mpango mzima unaanguka.

Mapipa ya jeli yanaeleza uvujaji mwingine. Matunda ya kiangazi huja yote kwa pamoja na hayangoji. Njia ya kuyaokoa ni sukari na moto. Jeli iliyobaki mwisho wa msimu ni matunda yaliyopokewa mengi kuliko yalivyoweza kuliwa, na sukari iliyoyapika ilinunuliwa au ilibadilishwa kwa kitu kingine. Ni ushahidi kwamba mtu fulani alikaa jikoni akichemsha wakati wenzake wanafanya mazoezi. Kila kikundi cha namna hii kinahitaji mtu huyo, na mara nyingi ndiye anayesahauliwa katika hadithi.

Kisha kelele. Kuku hai wakiwekwa karibu na ukumbi hawajui kwamba pazia limefunguliwa. Mwigizaji anaposhusha sauti kwa mandhari ya msiba, kuku anajibu. Dawa yake si ngumu: kuku huwekwa gizani, mbali na ukuta wa jukwaa, kwenye kikapu kilichofunikwa gunia, kwani kuku akiwa gizani hutulia. Nguruwe hapelekwi gizani wala popote karibu. Huondolewa kabla ya kengele ya kwanza.

Masharti ya mpango huu basi yalikuwa membamba: zao la fedha linalouzwa msimu mwingine, pengo kubwa kati ya bei ya shamba na ya duka, waigizaji walio tayari kulipwa kwa sahani, paa la bure au la karibu bure, na kiangazi. Fedha iliporudi mikononi mwa watu, mazao yalipungua dirishani, kama ilivyotarajiwa. Ukumbi haukufa kwa hilo. Mwaka 1946 jimbo la Virginia liliutangaza kuwa ukumbi rasmi wa tamthilia wa jimbo, na waigizaji waliopitia pale, Gregory Peck, Patricia Neal, Ernest Borgnine, Ned Beatty, wakawa sababu nyingine ya watu kufunga safari.

Porterfield aliongoza hadi alipofariki mwaka 1971. Kabla ya mchezo kuanza alikuwa akitoka mbele ya pazia na kuwaambia watazamaji kwamba kama wamependa waende wakaseme, na kama hawakupenda wanyamaze. Mji mdogo hautangaziwi kwa karatasi. Unatangaziwa kanisani, sokoni na kwa kinyozi. Yeye aliliweka hilo mikononi mwa watu wenyewe, uso kwa uso.

Jengo lenyewe

Jengo lilijengwa mwaka 1831 likiwa kanisa la Presibiteri. Baadaye lilikuwa mikononi mwa chama cha kupinga ulevi, na mchezo wa kwanza ulioandikwa kumbukumbu zake ulichezwa humo Januari 1876, mapato yakaenda kwenye ukarabati. Mwaka 1890 likawa la mji. Tangu hapo likatumika kwa kila kitu ambacho mji mdogo unahitaji na hauna pa kukiweka: mikutano, kikosi cha zima moto, na chini ya jukwaa, mahabusu. Chumba hichohicho kiliwahi kuwekwa mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa, kisha kikageuzwa kuwa chumba cha waigizaji cha kubadilishia nguo.

Mtu anayependa majengo ya maonyesho ataona mara moja gharama ya historia hii. Kanisa limejengwa kwa ajili ya sauti moja inayosimama mbele, na hilo ni jema kwa mwigizaji: kuta ziko karibu, maneno yanafika bila kupaza sauti. Lakini kanisa halina nafasi ya pembeni ya kuficha mandhari, wala kimo cha juu cha kupandishia mapazia yaliyochorwa. Kila kitu kinachoingia jukwaani lazima kiwe kimefikiriwa kitapita wapi na kitakaa wapi. Ndiyo sababu michezo iliyobuniwa kwa majukwaa makubwa huonekana tofauti pale, na mara nyingi bora, kwa kuwa wabunifu wanalazimika kuchagua kipande kimoja kinachosema yote.

King'ora cha zima moto kilikuwa juu ya paa. Mji ulikitumia hadi mwaka 1994, mchezo ukiwa unaendelea au la. Waigizaji walipewa amri moja: king'ora kikilia, ganda pale ulipo, mkono hewani, mdomo wazi, hadi kinyamaze, kisha endelea kutoka neno lilelile. Watazamaji wa Abingdon waliizoea. Mgeni alidhani ni sehemu ya mchezo. Kiufundi amri hiyo ni sahihi kuliko kupaza sauti, kwa kuwa mwigizaji anayeshindana na king'ora hupoteza maneno na pumzi, na anayetoka jukwaani huvunja mandhari yote. Kuganda kunaihifadhi.

Mwaka 1953 ukumbi maarufu wa Empire wa New York, uliofunguliwa 1893, ulikuwa karibu kubomolewa. Porterfield alipata ruhusa ya kuchukua vilivyomo, naye akavihamishia Abingdon: viti, taa, mazulia, picha. Mfumo wa taa wa Empire, unaohusishwa na Thomas Edison mwenyewe, uliangaza jukwaa la Barter hadi katikati ya miaka ya 1970. Ukarabati mkubwa wa katikati ya miaka ya 1990 ulibadilisha mengi, kwa hiyo anayekwenda leo asitarajie kukalia kiti cha 1893. Akitazama ukuta wa mbele na umbo la jengo, ataliona kanisa.

Kuangalia mchezo pale leo

Msomaji anayeishi Virginia, Carolina Kaskazini, Tennessee au Ohio anaweza kufika kwa gari. Abingdon iko kwenye barabara kuu ya 81, na njia ya kutokea namba 17 inakuingiza karibu na mji wa kale. Treni ya abiria haifiki. Kituo cha karibu chenye treni ni Roanoke, kama kilomita 210 kaskazini-mashariki, na kutoka hapo bado unahitaji gari. Uwanja wa ndege wa karibu ni Tri-Cities, upande wa Tennessee. Anayetoka mbali alale mjini, kwa kuwa mchezo wa jioni huisha saa ambayo barabara za milimani si za mtu aliyechoka, na ukungu hushuka.

Jambo la kwanza la kuangalia kwenye tiketi ni jukwaa gani. Yapo mawili, yakitazamana kuvuka barabara ya Main. Jengo la 1831 lina takriban viti 500, na watazamaji wote wanalikabili jukwaa. La pili ni dogo, viti kama 167 vilivyolizunguka jukwaa pande tatu. Watu hufika kwa wakati na kujikuta wamesimama kwenye foleni ya jengo lisilo lao. Saa ya pazia ikigonga, wanaochelewa kwenye jumba lolote la namna hii hungojeshwa nje hadi pawe na nafasi ya kuingia bila kuvuruga, na wakati mwingine nafasi hiyo ni dakika 20 baadaye. Fika nusu saa kabla.

Uchaguzi wa kiti unategemea jengo. Kwenye jukwaa la pande tatu, ubavuni utaona migongo mara kwa mara, lakini utaona pia nyuso ambazo wa mbele hawazioni. Safu ya tatu ya katikati ndiyo salama kwa anayekuja mara moja tu. Kwenye jengo la zamani, kwa mchezo wenye nyimbo na ngoma chagua roshani ya mbele, kwa sababu mpangilio wa wachezaji unasomeka kutoka juu. Kwa mchezo wa maneno kaa chini, safu ya tano hadi ya kumi. Anayesikia kwa shida akae chini katikati, mbali na kuta. Mwenye magoti mabovu aulize dirishani kabla ya kununua kuna ngazi ngapi hadi kiti chake; majengo ya karne ya 19 hayakujengwa yakimfikiria.

Lakini kitu ambacho kweli hutofautisha Barter na kumbi nyingi za miji midogo ni kikundi cha kudumu. Kumbi nyingi hukodisha jukwaa kwa kundi linalopita. Hapa waigizaji walewale hukaa msimu mzima na kupokezana michezo kadhaa, mchana huu na jioni ile. Anayekwenda mara moja haoni hilo. Mpango tunaoupendekeza ni siku moja na usiku mmoja: mchezo wa mchana kwenye jukwaa moja, chakula mjini, mchezo wa jioni kwenye jingine. Chukua karatasi ya majina ya waigizaji wa mchana na uiweke mfukoni. Jioni, mwanamke aliyekuwa bibi kizee mwenye fimbo saa nane atatokea akiwa binti anayecheza ngoma, na hapo ndipo utaelewa kazi ya mwigizaji ni nini. Kalenda lazima isomwe kwa makini kwa sababu hiyohiyo ya kupokezana: mchezo ulio Alhamisi huenda usiwepo Ijumaa.

Mwaka 2020, kumbi zilipofungwa kwa janga la korona, kikundi kilihamia Moonlite, uwanja wa zamani wa kuangalia filamu ndani ya gari, nje kidogo ya mji. Waigizaji walicheza jukwaani, sauti ikaingia kwenye redio za magari. Shida yake ilijulikana tangu mwanzo: mtazamaji akicheka ndani ya gari, mwigizaji hasikii, na mchekeshaji asiyesikia kicheko hajui asimame wapi kabla ya neno linalofuata. Msomaji anayejiuliza kwa nini asafiri kwa muda wa saa sita badala ya kuangalia kwenye simu ana jibu lake hapo. Kicheko chako kinabadilisha mchezo unaoutazama, na kiti cha tano kutoka mbele kina uzito jukwaani.

Wengi huuliza kama bado unaweza kulipa kwa mboga. Kwa siku za kawaida, hapana. Tiketi ni fedha. Angalau mara moja kwa mwaka, hata hivyo, ukumbi hukumbuka asili yake kwa onyesho ambalo watazamaji huleta chakula kwa ajili ya benki ya chakula ya eneo hilo. Tarehe hutangazwa kwenye ratiba ya msimu. Usiku huo usilete kuku wala mayai. Benki za chakula hupokea vitu vinavyokaa: maharage ya kopo, samaki wa kopo, mchele, siagi ya karanga, oti, mafuta kwenye chupa ya plastiki. Angalia tarehe iliyochapwa kwenye kopo. Lililobonyea kwenye mshono au kuvimba litatupwa. Jamu na jeli zilizopikwa nyumbani kwa kawaida hazipokelewi, hata ziwe nzuri namna gani, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha zilivyopikwa. Weka vyote kwenye mfuko mmoja wenye mikono imara, uukabidhi mlangoni kabla ya kwenda kwenye kiti, kwa kuwa kopo likianguka na kubiringika chini ya viti vya mteremko wakati wa mandhari ya kimya, linasikika hadi jukwaani.